Walimu 4,000 kati ya laki tatu? Dhana potofu kuhusu sampuli za tafiti za walimu

"Nchi ina walimu laki tatu, nyinyi mmehoji elfu nne tu?" Swali hili haliishi, na lina kosa moja: linapima sampuli kwa asilimia ya walimu wote. Ukichagua kwa nasibu na kukubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, walimu 10,000 wanahitaji sampuli ya watu kama 370. Wakiwa milioni moja? Kama 384.

Basi tukusanye majibu mengi kadiri tuwezavyo? Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni mbili, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Hojaji inayosambazwa kwenye makundi ya simu ya walimu ina ugonjwa uleule: hujibu mwenye muda au mwenye hasira.

Dhana inayowanasa hata wataalamu ni kwamba kila shule ipewe nafasi sawa ya kuteuliwa. Katika TALIS, utafiti wa kimataifa kuhusu walimu unaoendeshwa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), kwa kawaida nchi huteua shule 200, kisha walimu 20 kila shule, na shule kubwa ina nafasi kubwa zaidi. Upendeleo? Hesabu: shule ya walimu 100 ina nafasi mara tano ya shule ya walimu 20. Lakini humo ndani mwalimu mmoja kati ya watano ndiye huteuliwa, ilhali kwenye ile ndogo huchukuliwa wote. Nafasi ya kila mwalimu inatoka sawasawa.

Ila hao 4,000 (shule 200 mara walimu 20) si sawa na 4,000 waliotawanyika. Walimu wa shule moja wana mkuu mmoja na kero zilezile, kwa hiyo majibu yao hufanana. Hata mfanano mdogo, tuseme 0.1 kwenye kipimo ambacho 0 ni kutofanana na 1 ni kufanana kabisa, huifanya sampuli hiyo iwe na nguvu ya watu kama 1,380 tu.

Na mwalimu mkuu asichague majina, hata kama anawajua walimu wake. (Hasa kwa sababu anawajua.) Hutolewa orodha kamili, kompyuta ikateua. Vinginevyo hojaji humwangukia aliyekaa ofisini saa ile, wala si yule mwenye vipindi mfululizo.

Shule ikikataa, haichukuliwi jirani yake iliyo tayari. Mbadala wake huwa umeshateuliwa kabla kazi haijaanza. Na wakijibu tisa kati ya ishirini, kwa TALIS shule hiyo huhesabiwa kuwa haikushiriki.