Je, wajua kwanini mtoto mdogo akivunjika shingo mara nyingi hapasuliwi?

Watu wengi wakisikia mtoto kavunjika shingo wanaona ndo basi tena, au kama amepona kufa basi lazima apasuliwe awekwe vyuma. Kumbe kwa watoto wa chini ya miaka 7 hivi, madaktari mara nyingi wanaanza na kifaa cha nje cha kushikilia shingo, na mfupa unaunga wenyewe.

Kwanini? Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili, misuli ya shingo bado dhaifu, kano zimelegea, kwa hiyo gari likigonga na kiwiliwili kimebanwa na mkanda, kichwa kinarushwa mbele na nguvu yote inaishia juu kabisa ya shingo. Mtu mzima mara nyingi anaumia chini zaidi, karibu na pingili (mifupa midogo ya shingo) ya 5 na ya 6 kuhesabu kutoka juu.

Huko juu kuna pingili ya pili, ina kinundu kimesimama kama jino, na pingili ya kwanza inakizunguka, ndo maana tunaweza kugeuza kichwa kushoto na kulia. Sasa kwa mtoto kile kinundu bado hakijashikana kabisa na mfupa wake, katikati kuna gegedu ya ukuaji, yaani sehemu laini ambayo bado si mfupa, inageuka mfupa kati ya miaka 3 na 7 hivi. Ajali ikitokea panaachia hapo hapo. Lakini hapo hapo ndo mwili ulikuwa tayari unatengeneza mfupa, yaani kazi ilishaanza, so kinundu kikirudishwa mahali pake taratibu na kikazuiwa kisicheze, panaunga vizuri tu. (Kwenye eksirei gegedu hiyo inaonekana kama ufa hata kwa mtoto ambaye hana shida yoyote, kwa hiyo picha isomwe na mtu aliyezoea watoto.)

Kifaa chenyewe ni kama halo, pete inayoshikwa kwenye fuvu kwa skrubu ndogo na kuunganishwa na kizibao cha kifuani. Ilielezwa 1959 na Jacquelin Perry na Vernon Nickel wa California, kwa wagonjwa wa polio waliopooza shingo. Mtu mzima anafungwa skrubu 4, mtoto anaweza kufungwa hata 8 au zaidi ila zinakazwa kidogo sana maana fuvu lake ni jembamba. Anakaa nayo miezi 3 hivi, na si raha hata kidogo, kulala shida, kuoga shida, matundu ya skrubu yanaweza kupata maambukizi yasiposafishwa, mzazi anachoka kweli.

Ila ukiunganisha pingili ya kwanza na ya pili kwa vyuma, karibu nusu ya uwezo wa kugeuza shingo inapotea moja kwa moja, tena kwenye mifupa midogo iliyopitiwa pembeni na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Mimi naona miezi 3 ya tabu ni nafuu.

Upasuaji unabaki kwa wanaouhitaji kweli, mfano kano zinazoshika fuvu na shingo zimekatika (hizo kifaa peke yake hakitoshi), mfupa haukai mahali pake, umegoma kuunga, au neva zinabanwa.

Na ukiwa kwenye ajali, usimnyanyue mtoto kwa kumvuta. Kama ni lazima alazwe kwenye ubao, wekeni blanketi lililokunjwa chini ya mabega na mgongo, kwa sababu kile kichwa kikubwa kikilala kwenye ubao ulionyooka shingo inapinda mbele, na ndo upande huo huo iliokwenda ilipovunjika.