Ibrahimu alihesabiwa haki akiwa na umri gani? Imani na matendo mema katika wokovu

Swali hili huletwa sana katika madarasa ya ubatizo na kipaimara hapa Mombasa, na mara nyingi huwa limeanzia barazani. Jirani Mwislamu, aliyezoea kusikia Kurani ikiwataja pamoja "walioamini na wakatenda mema", humuuliza Mkristo: ikiwa matendo hayakuokoi, wafunga na kutoa sadaka za nini? Wengi hujibu kwa aya mbili walizokariri, Waefeso 2:8-9: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Kisha Biblia inafungwa. Laiti wangesoma na aya ya 10! Inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema".

Utata mkubwa uko kati ya Paulo na Yakobo. Paulo anasema mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria (Warumi 3:28). Yakobo, katika waraka wake, anasema huhesabiwa haki kwa matendo, "si kwa imani peke yake" (2:24). Wote wawili wanamtolea mfano Ibrahimu, na wote wananukuu Mwanzo 15:6. Basi tufuate umri wake.

Katika Mwanzo 15 anaamini ahadi na kuhesabiwa haki, hajapata mtoto hata mmoja. Ishmaeli anazaliwa baba ana miaka 86 (16:16). Anatahiriwa akiwa na miaka 99 (17:24), na Isaka anazaliwa akiwa na 100 (21:5). Safari ya kwenda kumtoa Isaka sadaka iko sura ya 22, mtoto ameshakua kiasi cha kubebeshwa kuni za sadaka. Paulo anashika mwanzo wa hesabu hiyo: Ibrahimu alikubaliwa miaka isiyopungua 13 kabla ya tohara, kwa hiyo Mgiriki au Mgalatia halazimiki kutahiriwa ndipo akubaliwe. Yakobo anashika mwisho wake, kule mlimani, ambako imani ya miaka mingi ilionekana kuwa ni hai. Anayemkabili si yule anayetaka kujipatia wokovu kwa sheria, bali yule anayemwambia ndugu asiye na nguo wala riziki, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", kisha asimpe kitu. Kuamini tu kwamba Mungu yupo, asema Yakobo, hata mashetani wanaamini, na wanatetemeka.

Kwa jambo hili makanisa yaligawanyika vibaya. Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, alianza kwa kupinga biashara ya rehema (vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi) mwaka 1517; Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547, nao ukakana kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu suala hili, na Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Tofauti hazikuisha. Mkatoliki hufundishwa kwamba neema hukua kwa matendo mema na hupotea kwa dhambi ya mauti. Mlutheri huyaita matendo matunda ya imani na kuishia hapo. Waanglikana wana Ibara ya 11 na ya 12 katika zile 39 za imani yao, na zinafaa kusomwa kwa pamoja.

Makosa ya siku hizi ni mawili. La kwanza ni kugeuza sadaka kuwa bei: tuma shilingi 1,000, laana iondoke. Huo ni ujira, na Warumi 4:4 yasema ujira huhesabiwa kuwa deni, wala si neema. La pili ni la muumini anayeimba kwaya Jumapili ilhali mshahara wa kijakazi wake una miezi miwili haujalipwa. Yakobo 5:4 inamhusu yeye moja kwa moja.

Mtu wa kumtazama hapa ni Zakayo, mtoza ushuru (jina ambalo Wakenya wamelifanya utani wa kodi). Katika Luka 19 Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, aya ya 5. Ahadi ya kurudisha mali inakuja aya ya 8: nusu kwa maskini, na kwa kila aliyedhulumiwa, mara nne. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu 5:7, ilimtaka aliyekiri alipe mali yote aliyodhulumu na kuongeza sehemu ya tano. Kwa dhuluma ya shilingi 2,000, sheria hiyo ingedai 2,400. Zakayo angetoa 8,000.

Anayetaka kutubu dhuluma aanze na orodha: jina, kiasi, mwaka. Amlipe mwenyewe, akiwa amefariki, warithi wake. Kutoa fedha hizo kanisani ilhali mdai yuko hai Likoni au Kisauni si malipo, na kwa Mkatoliki, malipizi anayopewa na padre katika kitubio hayafuti deni hilo.