Je, wajua kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huambiwa akohoe?

Mshono uko tumboni, lakini siku za mwanzo mapafu nayo huwa hatarini. Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, misuli hulegea, kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) hupanda kifuani, na sehemu za mapafu zilizo upande wa mgongo hubanwa hadi vifuko vyake vya hewa vinywee. Hali hii huwapata karibu wote wanaolazwa kwa nusukaputi kamili. Baada ya operesheni ndogo kwa kawaida huisha haraka. Mkato mkubwa, hasa wa juu ya kitovu, ni habari nyingine: maumivu humfanya mgonjwa apumue juujuu na aogope kukohoa. Makohozi hutuama, bakteria huzaliana humo, nimonia huingia.

Wengi hudhani oksijeni ya barakoa inatosha. Oksijeni huongeza kiwango chake kwenye damu, lakini haifungui kifuko kilichonywea. Kwa hiyo kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma vizuri huku sehemu za chini za mapafu zikiwa bado zimefunga.

Kinachovifungua ni pumzi ndefu. Mgonjwa aketi, au kichwa cha kitanda kiinuliwe. Avute hewa taratibu hadi mbavu za chini zipanuke, aishikilie sekunde 3 hadi 5, kisha aiachie polepole. Akifikisha pumzi 10, akohoe mara 3 kwa nguvu huku akikandamiza mto juu ya mshono. Arudie mzunguko huo mara moja zaidi, na afanye hivyo kila saa akiwa macho. Makosa yanajulikana: kuvuta harakaharaka hadi kizunguzungu, kuinua mabega badala ya mbavu, kukohoa kwa kooni tu. Na dawa ya maumivu ije kwanza. Bila hiyo mtu atajifanya anapumua. Na baadhi ya wanaopewa kifaa cha mazoezi ya kupumua, kile chenye vipira vitatu, hukipuliza, ilhali hewa yake inatakiwa kuvutwa.

Somo hili lafaa litolewe kabla ya operesheni, kwa sababu mtu anayetoka kwenye nusukaputi hashiki maelezo. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa 441. Waliokaa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) nusu saa tu kabla ya kupasuliwa walipata matatizo ya mapafu kwa asilimia 12. Waliopewa kijitabu peke yake, asilimia 27.

Vipi kuhusu mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo kupitia barakoa? Katika utafiti wa Italia wa mwaka 2005, mashine hiyo iliwasaidia sana wagonjwa ambao oksijeni yao ilikuwa imeshashuka baada ya operesheni: waliohitaji kuwekewa mpira wa kupumulia kooni walikuwa asilimia 1, dhidi ya 10 kwa waliopewa oksijeni peke yake. Basi kwa nini wasivalishwe wote mapema? Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, la wagonjwa zaidi ya 4,700, lilifanya hivyo hasa, na halikupunguza nimonia wala vifo. Kwa maoni yetu, mashine ingoje anayeihitaji, na hata huyo achunguzwe kwanza. Anayetapika au aliyesinzia mno asifungwe barakoa hiyo, maana matapishi yanaweza kusukumwa hadi mapafuni. Hewa ikijaa tumboni, wauguzi hulazimika kuitoa kwa mpira wa puani.