Hii kente yako inaitwaje?

Wateja wangu wa sendofu huja na swali lile lile: "Fundi, hii kente maana yake nini?" Kente ni nguo ya kufumwa ya Waasante wa Ghana. Lakini wao wananikunjulia kitambaa cha Kariakoo kilichochapwa kiwandani, njano, kijani na nyekundu, na mimi nabaki kukuna kichwa. Bonwire hatuulizi maana. Tunauliza jina.

Bonwire ni kwetu kwa mama, kijiji cha wafumi karibu na Kumasi, nchini Ghana. Baba ni Mpare wa Same. Waasante, watu wa mama, huhesabu ukoo kwa mama, Wapare kwa baba, hivyo nimezaliwa nikiwa mali ya pande zote mbili, na kila upande una hakika kwamba mimi ni wao peke yao. Faida yake niliiona kwa mjomba. Kwa Waasante mjomba, wofa, ndiye mwenye mpwa, na wofa wangu alinikalisha kwenye kitanda cha mfumi, yaani kile chombo cha kufumia, nikiwa na miaka 11. Dada yangu aliishia mlangoni, maana mila ilimkataza mwanamke kufuma kente. Siku hizi wanawake wanaofuma wapo, na sijasikia kitanda kilichovunjika kwa ajili hiyo.

Tunachofuma ni ukanda mwembamba, upana wake kama sentimita 10. Mtande, zile nyuzi za urefu, unavutwa mbele yako hadi mbali na kushikiliwa na jiwe zito linaloburutwa taratibu kadiri kazi inavyosogea. Kati ya vidole vya miguu unabana vipande vya kibuyu vilivyofungwa kamba. Mguu huu ukivuta, nusu ya nyuzi zinafunguka. Ule ukivuta, zinafunguka nyingine, nawe unapitisha mshindio, uzi wa kukatiza, katikati. Baadaye kanda zinashonwa ubavu kwa ubavu, na vazi la mwanamume hula kanda 24 hivi. Hapo ndipo mwanafunzi hujulikana. Ukizembea kupiga mshindio, michoro ya ukanda huu haikutani na ya jirani yake. Wofa hakuwa mtu wa viboko. Alikuwa anachukua kisu, anakata ukanda mzima, anaendelea kunywa chai.

Sasa jina. Watu hudhani liko kwenye ile michoro ya kupendeza, kumbe mara nyingi liko kwenye mtande, katika mpangilio wa mistari ya rangi kabla mshindio wa kwanza haujapita. Mfumi akiona nyuzi za Oyokoman zimetandwa, anazijua hapo hapo: ni nguo ya Oyoko, ukoo wanakotoka wafalme wa Asante. Chukua mtande huo huo, uujaze michoro pasibaki nafasi hata ya kupumua, imekuwa Adwinasa, yaani ujuzi umeniishia. Kanga hujitaja yenyewe kwa maandishi. Kente haina herufi hata moja. Bila mtu wa kukutajia jina, umevaa bubu. Na kile kitambaa cha Kariakoo? Mara nyingi kimechanganya mitande mitatu minne ndani ya yadi moja. Ni kama kanga yenye majina manne yanayokatizana. Nitakushonea, na utapendeza, ila jina usiniulize.

Msibani, maana wateja huuliza na hilo, hatuendi na rangi za sherehe. Huko ni nguo nyekundu iitwayo kobene na ile ya rangi iliyokoza iitwayo kuntunkuni.

Jina ninalolipenda kuliko yote liliwahi kuuawa. Mwishoni mwa Desemba 1957, miezi kumi tu baada ya uhuru wa Ghana, waziri mkuu wake Kwame Nkrumah alimwoa Fathia Rizk, binti wa Kimisri. Nguo moja ya kente ikapata jina Fathia fata Nkrumah: Fathia anamfaa Nkrumah. Ni sifa ya harusi, lakini ni siasa pia, kwa sababu kiongozi wa nchi alikuwa ameoa nje na wako walionuna. Ikavaliwa sana. Halafu tarehe 24 Februari 1966, Nkrumah akiwa safarini Asia, jeshi likampindua. Fathia akakimbilia Cairo na watoto watatu. Nguo haikuwa na pa kukimbilia. Mistari ilibaki ile ile, rangi zile zile, ikapewa jina jipya: Obaakofo mmu man, mtu mmoja hatawali nchi.

Hakuna aliyegusa uzi. Ndiyo maana naona UNESCO, ilipoingiza ufumaji wa kente kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2024, ilipata kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mkono unaweza kuupiga picha. Jina linatembea mdomoni mwa watu, na watu hugeuka.

Nilimuuliza wofa nguo ile ya Fathia yeye anaiitaje. Tulikuwa barazani kwake, kaifungua magotini anatafuta uzi uliokatika.

"Inategemea aliyekuja," akasema. "Akija bwana harusi, ni Fathia. Akija mwanasiasa, namtajia lile lingine."

"Na bei, wofa?"

"Mwanasiasa analipa zaidi."