Je, chumvi na siki huzuia uzi kuchuja?

Wengi tumelelewa tukijua kwamba kanga mpya huloweshwa kwenye maji ya chumvi ili isichuje. Wafumaji wameihamishia imani hiyo, pamoja na siki, kwenye uzi wa sufu uliotiwa rangi kwa mkono.

Imani haikuzuka hivi hivi. Siki ina kazi yake, ila wakati wa kutia rangi: rangi za asidi (aina ya rangi inayotumika kwa sufu) hushikana na sufu zikipata asidi na joto, karibu na kuchemka. Chumvi nayo husaidia baadhi ya rangi za pamba kuingia kwenye uzi, humo humo chunguni. Kulowesha baadaye kwenye maji baridi ya chumvi au siki hakuifanyi rangi ishike. Kinachotoka ni rangi iliyozidi, na huondolewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua (sufu ikisuguliwa husinyaa na kugandamana).

Jaribu mwenyewe kabla ya kufuma skafu ya mviringo, hasa ukichanganya nyekundu na nyeupe. Kata vipande viwili vya uzi, kimoja ukiloweshe kwenye maji ya chumvi, kingine maji matupu. Visuuze, kisha vibane kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Linganisha madoa.