Mfumo dume na sheria: mambo ambayo watu wanayachanganya

Nianze na dhana fupi. Wapo wanaosema nadharia ya mifumo ya jamii, ile inayoieleza jamii kama mifumo kama sheria, uchumi na familia, inamtaka mwanamke abaki jikoni. Huyo ni Talcott Parsons, mwanasosholojia wa Marekani, 1955, ndiye aliyegawa baba wa kutafuta na mama wa kutuliza nyumba. Niklas Luhmann, mwanasosholojia Mjerumani wa nadharia hiyohiyo (1927–1998), hakusema hivyo, kwake uchumi hauna haja ya kujua jinsia ya mteja, pesa ni pesa. Hata hivyo ubaguzi unapenya kwenye taasisi, dada yuko kwenye intavyuu anaulizwa atazaa lini, kaka haulizwi. Ila msimfanye Luhmann mfeministi (mtetezi wa usawa wa wanawake) pia, makala yake ya 1988 iliwasema vikali wafeministi, ni wasomi kama Ursula Pasero walioichukua nadharia yake wakachunguzia jinsia.

Sasa dhana kubwa, kwamba mfumo dume ni kama ofisi moja, ukibadilisha sheria basi imeisha. Haiko hivyo jamani. Luhmann anasema jamii ya kisasa haina kichwa kimoja, kuna sheria, uchumi, siasa, familia na kila mfumo unasikia lugha yake tu, sheria inauliza halali au si halali, uchumi unauliza umelipa au hujalipa, na hakuna unaoutawala mwingine.

Tazama Tanzania. 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, maana katiba inakataza ubaguzi, halafu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaweka haki sawa ya kumiliki. Sawa, lakini kwenye kikao cha ukoo baada ya msiba hakuna anayeuliza halali, wanauliza huyu si ameshaolewa kwingine? na binti akidai shamba anaambiwa anavunja familia.

Na hapa ndo nasisitiza, nadharia isiwe kisingizio cha kuiacha sheria ilivyo. Wajane wawili walipinga kanuni za urithi wa kimila za 1963, na 2006 Mahakama Kuu ikakubali kabisa kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu, mpaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema haki zao zilivunjwa. Kanuni zile zilitangazwa na serikali yenyewe, ziko ndani ya sheria, kwa hiyo kuzifuta ilikuwa kazi ya mahakama na bunge, siyo ya kusubiri ukoo ubadilike kwanza.