Homa baada ya kemo siyo "dawa inapigana"

Wiki hii nimeisikia tena, kwa kijana aliyemleta mama yake kutoka Makete: "Daktari, tuliambiwa homa ni dawa inapigana na saratani, tukampa Panadol." Ilikuwa siku ya 10 tangu mama apate dripu ya kemo, dawa ya saratani. Alikuwa kajifunga vitenge viwili na blanketi juu. Nikamshika mkono: wa baridi, umelowa jasho. Mapigo 130, presha 80 kwa 50. Kipimajoto kilisoma 37.4, kwa sababu Panadol ilishaishusha homa. Bakteria walikuwa palepale.

Kijana simlaumu hata kidogo. Aliambiwa na mtu wa zahanati, amevaa koti jeupe. Ninamwandikia huyo.

Kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho, unaotengeneza chembe za damu, hauna siku ya kupumzika. Kwa dawa nyingi neutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikiwa chini ya 500 kwa maikrolita, bakteria wa utumbo wake mwenyewe wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Joto la 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu saa nzima, ni dharura: antibayotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu afike. Chukua damu ya kuotesha bakteria na ya FBP (hesabu ya chembe za damu), kisha anza dawa. Usingoje majibu.

Sasa linaloniudhi. "Tulimkagua, hana usaha, kifua safi, kipimo cha malaria hasi, tukamruhusu." Jamani, usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya neutrofili. Asiye nazo atautoa wapi? Mama huyu, pale ilipokuwa kanula (mrija wa dripu), palikuwa na wekundu usiozidi sarafu ya shilingi 100, pagumu kidogo ukibonyeza. Basi. Eksirei nayo inaweza kutoka safi ilhali nimonia ipo, maana hakuna chembe za kujazana kwenye pafu. Wala mkojo usiwaridhishe kwa kukosa chembe nyeupe. Na msimwingize kidole wala dawa njia ya haja kubwa. Mnafungulia bakteria mlango.

Juni na Julai huku kwetu ni balaa, kila anayetetemeka anaambiwa ni baridi. Mwenye baridi akiota moto hutulia. Huyu alitetemeka mpaka meno yakagongana, amekaa kando ya jiko la mkaa. Tena deksamethazoni tunayowapa kuzuia kutapika huficha homa, kwa hiyo akitetemeka, akihema haraka au akianza kuchanganyikiwa, msitafute namba kwenye kipimajoto.

Zahanati yenye antibayotiki ya seftriaksoni tu, mchomeni hiyohiyo. Haimwezi bakteria aitwaye Pseudomonas, lakini kumpakia kwenye gari bila chochote ni kubaya zaidi. Mwekeeni maji, pigeni simu, aondoke.

Ninapokwama ni kwa wanaoishi mbali. Nimpe vidonge vya antibayotiki, siprofloksasini na amoksilini-klavulaneti, akae navyo nyumbani? Nikimpa, naogopa atameza na kulala akisubiri nafuu. Nisipompa, safari nzima inapita bila dozi. Nimefanya yote mawili na sijaridhika na lolote. Kwa sasa nawapa wenye ndugu ninayeweza kumpigia, kwa sharti kwamba dozi ya kwanza imezwe gari likiwa limeshaitwa.



Mama alianza dawa dakika ya 20, siku ya nne akaomba uji. Kwenye kadi yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: siku ya 7 hadi 14, homa au kutetemeka, njoo hata usiku, pamoja na namba ya wodi. Kijana akaomba nimwandikie nakala ya pili, ampelekee yule wa zahanati.